Sufuria ya Mbwa

Ugomvi ulianzia kwenye sahani ya bati. Tomi, mbwa wa kienyeji mwenye rangi ya udongo, alinusa punje za kahawia alizomiminiwa, akaizungusha moja mdomoni, akaitema, akaenda kujilaza chini ya mgomba. Binti aliyeubeba mfuko ule kutoka Dar es Salaam alibaki ameushika kama mgeni aliyerudishiwa zawadi yake. Babu yake alicheka hadi akashika mbavu. Majirani waliokuwa wakipita waliitwa waje waone, na jioni nzima pale barazani, Nshambya, ndani ya Manispaa ya Bukoba, ikaisha kwa ubishi juu ya chakula cha mbwa.

Sauti nimezitunga. Sufuria wanayoigombania sikuitunga. Ipo katika nyumba nyingi kuanzia hapa hadi Muleba, au tuseme haipo, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

MZEE: Mjukuu wangu, nimefuga mbwa tangu sijaota ndevu. Hakuna aliyekufa kwa njaa. Mbwa anakula tunachokula. Ndizi na maharage vikibaki ni vyake, ukoko wa ugali ni wake, mfupa ni wake. Enzi za baba yangu mbwa wa kuwindia alifungwa njuga shingoni, akitoka porini anakatiwa fungu lake la windo: utumbo, bandama, damu. Nani alimfungulia mfuko?

BINTI: Babu, si umejijibu mwenyewe? Yule alikatiwa fungu la nyama. Tomi jana umempa nini?

MZEE: Jana? Jana alikula ndizi.

BINTI: Na juzi?

MZEE: Juzi tulikula ndizi.

Watu walicheka, lakini binti alikuwa ameshika jambo. Tunaposema mbwa wa zamani alikula makombo akanenepa, tunasahau kuuliza makombo yale yalikuwa ya nini. Makombo ni kivuli cha sufuria ya mwenye nyumba. Kando ya Ziwa Victoria, kabla sangara hajatawala maji, furu walikuwa samaki wa kila mtu: wadogo, wenye miiba mingi, wa bei ndogo. Nyumba iliyopika furu ilibakiza vichwa na miiba, na mbwa alikuwa na karamu. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akafurika miaka ya 1980, na furu wa aina nyingi wakatoweka. Tangu hapo minofu hupanda ndege. Kichwa na mgongo uliobaki, yale mapanki yaliyozua kelele baada ya filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 juu ya biashara ya sangara, hununuliwa na binadamu wakakaanga wakala. Hata bondo la sangara, ambalo zamani mtu angemtupia mbwa bila kufikiri, leo husafirishwa hadi China kwa bei inayozidi ya mnofu. Mbwa wa pwani ya ziwa alipokonywa fungu lake taratibu bila kusikia mlio wa bunduki. Kilichobaki chini ya meza ni ndizi.

BWANA MIFUGO (alikuwa amekuja kumtazama ng'ombe wa jirani mwenye ugonjwa wa kiwele, akavutiwa na kelele): Shikamoo Mzee. Ndizi hazimdhuru, lakini hazimjengi. Katika ndizi mbichi ya kupika, protini ni karibu asilimia 1 tu ya uzito wake. Sembe ina kama 8. Wamarekani wana chama cha wasimamizi wa vyakula vya mifugo, AAFCO, na vipimo vyake ndivyo vinavyofuatwa na watengenezaji wengi: mlo mkavu wa mbwa mzima usiwe na protini chini ya asilimia 18, na wa mtoto wa mbwa au jike anayenyonyesha usipungue 22.5. Ugali mtupu haufiki hata nusu ya hapo.

MZEE: Marahaba. Lakini huyo Tomi unamuona amekonda?

BWANA MIFUGO: Hajakonda. Tazama manyoya yake pale mgongoni, Mzee. Yamefifia, hayang'ai. Kidonda cha sikio kina muda gani? Mbwa anaweza kushiba kila siku na asiwe amekula.

MZEE: Kile kidonda… kina muda.

BINTI: Ndiyo maana nimeleta mfuko! Mbwa asili yake mbwa mwitu. Mbwa mwitu hali ugali.

BWANA MIFUGO: Hapo nawe umeruka mto bila kuangalia kina. Mbwa wetu hakutokana na yule wa Serengeti mwenye madoa. Alitokana na mbwa mwitu wa nchi za kaskazini, na tangu aanze kukaa na watu zimepita zaidi ya miaka 10,000. Mwaka 2013, Erik Axelsson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walilinganisha jeni za hao wawili. Kuna jeni moja linaloiagiza kongosho itengeneze kimeng'enya cha kuvunja wanga. Mbwa mwitu alikuwa na nakala 2. Mbwa wa nyumbani walikutwa na nakala kuanzia 4 hadi 30. Maana yake ni kwamba alipokaa jikoni kwa wakulima, tumbo lake lilijifunza kula jikoni kwa wakulima.

MZEE: Umesikia, mjukuu? Tumbo limesoma!

BWANA MIFUGO: Limesoma, Mzee, ila halijahitimu. Wanga anaumudu. Protini na mafuta bado anavidai.

Nilimpenda Mzee alivyochukua nusu ya jibu iliyomfaa akaiacha nyingine. Sote tunafanya hivyo, hasa tukiwa na mfuko mkononi au sufuria jikoni.

Mfuko nao una historia yake. Haukuzaliwa maabara. Miaka ya 1860 Mmarekani James Spratt, aliyefika Uingereza kuuza vikinga radi, aliona mbwa wa bandarini wakigombea biskuti kavu za mabaharia, zile ngumu kama tofali. Akapata wazo: akaoka biskuti za ngano, mboga na nyama, akawauzia mabwana wenye mbwa wa kuwindia. Biashara nzima ya chakula cha mbwa duniani ilianza na mtu aliyetazama makombo ya meli. Kwa hiyo binti na babu yake hawako mbali kama wanavyodhani. Tofauti ni kwamba Spratt aliyapima makombo, akayaongezea nyama.

BINTI: Basi kama mfuko umepimwa, tatizo liko wapi? Mlo umekamilika, madini yamo, vitamini zimo. Nyie mnabahatisha.

BWANA MIFUGO: Mfuko mzuri ni mzuri, siukatai. Lakini huu ulinunua umefungwa?

BINTI: Walinipimia. Kilo tatu kutoka kwenye gunia, wakanitilia kwenye mfuko huu.

BWANA MIFUGO: Basi hujui umenunua nini, mdogo wangu. Gunia limefunguliwa lini? Mafuta yaliyomo yakikaa wazi yanachacha, na mbwa ana pua kuliko mimi na wewe. Pengine Tomi hakuringa, alikuambia ukweli. Lebo imebaki dukani. Kwenye lebo tungesoma tarehe ya mwisho, tungesoma kama ni mlo kamili au ni kitafunwa tu, kama ni wa mtoto au wa mkubwa. Vilivyomo huandikwa kwa kufuata uzito, kizito kwanza. Kama cha kwanza ni mahindi na cha pili ni pumba ya ngano, umesafirisha ugali kutoka Dar es Salaam.

Hapo alikuja muuza dagaa, ndoo kichwani, akitoka Kemondo. Aliposikia kinachojadiliwa aliiweka ndoo chini. Kwa kweli huyu ndiye niliyekuwa namsubiri.

MAMA DAGAA: Mnagombana, na chakula kinapita barabarani kila asubuhi! Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Wanaliwa wazima wazima, mfupa humo humo, kwa hiyo hata chokaa ya mifupa ipo. Hawatiwi chumvi, wamekaushwa kwa jua. Mnataka nini tena?

MZEE: Dagaa ni chakula cha watoto wangu, mama.

MAMA DAGAA: Wa watoto wako ni wale wa chekecheke, waliokaushwa juu ya nyavu. Ninao wa kuku. Waliovunjika, waliokaushwa chini. Bei yake nusu.

BWANA MIFUGO: Na mchanga nusu.

MAMA DAGAA: Mchanga unaoshwa! Maji mara tatu, unawaacha watulie, unachota wa juu. Mwenye haraka asifuge.

Tatizo la dagaa wa kuku, jina lake linasema lenyewe. Mshindani wa Tomi siku hizi ni kuku. Viwanda vya vyakula vya kuku hununua dagaa kwa magunia, na kuku hutaga yai linalouzika. Mbwa hatagi kitu. Analinda, lakini ulinzi haupelekwi sokoni, na kazi isiyouzwa hulipwa makombo. Nimeona nyumba ambazo kuku wanapimiwa chakula kwa kopo na ratiba imebandikwa ukutani, na mbwa anayewalinda kuku hao dhidi ya vicheche hana hata kopo.

BWANA MIFUGO: Hesabu si ngumu. Sehemu 2 za unga, sehemu 1 ya dagaa, kwa uzito, si kwa kikombe, maana dagaa ni wepesi. Protini inapanda hadi karibu asilimia 23. Mbwa kama Tomi, wa kilo 15 hivi, kwa siku: unga gramu 150, dagaa gramu 75, mafuta ya kula kijiko kimoja. Pika uji mzito au ugali laini. Mchicha kidogo. Mara moja kwa wiki, kipande kidogo cha ini lililochemshwa. Akifanya kazi nyingi ongeza, akinenepa punguza. Unga uwe dona ukipatikana.

MZEE: Na maharage? Sisi Wahaya ndizi bila maharage ni adhabu.

BWANA MIFUGO: Maharage yaliyoiva vizuri yanamsaidia sana, Mzee. Shida ni kitunguu mnachokaangia. Kitunguu, na kitunguu saumu, vinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kuvipika hakuondoi sumu yake. Hafi leo. Anapauka fizi, anachoka, mnasema amezeeka. Mchotee yake kabla hujaunga.

MZEE: Kabla ya kuunga? Yaani mbwa apakuliwe kabla yangu?

Swali hilo lilitua barazani likakaa. Nadhani ndilo mjadala wenyewe. Tunajadili punje na dagaa, lakini kinachomkwama Mzee kooni ni zamu. Makombo hayahusu chakula tu. Yanaeleza nani wa kwanza na nani wa mwisho. Mbwa akipakuliwa kabla ya kuunga, mpangilio wa nyumba umeguswa.

Jibu halikutoka kwa Bwana Mifugo. Lilitoka kwa jirani ambaye hakuna aliyemtarajia.

USTADHI: Mzee wangu, mimi mbwa wangu haingii ndani, mnajua. Yupo kwa ajili ya kulinda stoo ya kahawa. Sisi wa madhehebu ya Shafii, akilamba chombo chetu tunakiosha mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mke wangu alimtengea sufuria yake, mwiko wake na jiko lake la mawe matatu kule nyuma. Sufuria ikishakuwa yake, haingoji tushibe. Inabandikwa saa kumi jioni, sisi tumefunga au hatujafunga. Na kumnyima hakumo katika habari ya najisi. Mnaijua hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Watu waligeuka kumtazama mbwa wa Ustadhi, aliyekuwa amelala kwenye uchochoro upande wa pili. Manyoya yake yalikuwa yanang'aa. Mimi mwenyewe nimepita uchochoro ule mara nyingi bila kuunganisha mambo mawili haya: nyumba inayomweka mbwa mbali kuliko zote mtaani ndiyo inayompikia.

BINTI: Kwa hiyo Ustadhi ameshinda?

BWANA MIFUGO: Inategemea anaweka nini ndani. Ustadhi, unga wa mbwa unausaga wapi?

USTADHI: Mahindi yale yaliyoharibika kidogo. Yaliyoshika ukungu. Hatuwezi kula sisi, ndiyo tunasaga ya mbwa.

BWANA MIFUGO: Hapo, Ustadhi, nakuomba usimame.

Na hapa nitayasimulia maneno ya Bwana Mifugo kwa urefu, maana katika mengi yanayosemwa kuhusu mbwa na chakula, hili ndilo linaloua bila kelele. Ukungu wa mahindi na karanga huzaa sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kenya, mwaka 2004, waliokufa walikuwa 125. Inashambulia ini, na ini la mbwa ni dhaifu mbele ya sumu hii kuliko la wanyama wengi wa kufugwa. Marekani, katika miaka ya 1950, mbwa walikufa kwa ugonjwa wa ini ambao madaktari waliupa jina la X kwa kukosa jina. Baadaye ilibainika ni sumu hiyo hiyo, imetoka kwenye vyakula vyao. Kupika hakuiui. Kusaga kunaificha tu. Tunapotenga mahindi mabovu tukasema «haya ya mbwa», tunadhani tumeokoa gunia.

BWANA MIFUGO: Na wewe mdogo wangu usicheke. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, huko huko Marekani, mbwa zaidi ya 110 walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa ndani ya mifuko. Iliyofungwa vizuri, yenye picha ya mbwa anayetabasamu.

BINTI: Sijacheka.

BWANA MIFUGO: Mahindi mabovu yafukieni. Hata kuku msiwape.

Baada ya hapo maswali yalimiminika bila mpangilio, kama kawaida mtaalamu akishakamatwa barazani bila malipo. Mifupa ya kuku iliyopikwa? Hapana, inapasuka kama vioo. Maziwa ya ng'ombe kwa mtoto wa mbwa? Kidogo sana, mengi yatamharisha. Bora anyonye mama yake, na akianza kula apewe mara tatu au nne kwa siku. Samaki mbichi? Chemsha, maana baadhi ya samaki wabichi wanaharibu vitamini B1. Utumbo wa machinjioni? Chemsha hadi uive, kwani ndiko tegu wa mbwa anakozunguka: mbwa anamla kwenye viungo vibichi vya kondoo au mbuzi, anayatoa mayai, mtoto anayashika mchangani, na miaka inapita kabla uvimbe haujaonekana ini au mapafu. Waturkana wa Kenya wanaujua ugonjwa huo kuliko wengi duniani. Ng'ombe aliyekufa ghafla porini? Usimguse wala mbwa asimguse. Kimeta hakina urafiki.

MZEE: Na kahawa ya kutafuna? Huyu Tomi huokota ninazodondosha.

BWANA MIFUGO: Waitu, Mzee! Kahawa inamkimbiza moyo. Chache zitampa usiku wa kubweka. Nyingi zitamuua. Na machicha ya rubisi vilevile, msiyamwage anapoyafikia.

MZEE: Ndiyo maana wiki ile alibweka hadi alfajiri. Nilidhani mwizi.

MAMA DAGAA: Na senene je?

MZEE: Senene? Senene ampe nani? Hata wewe sikupi!

Hapo ndipo kicheko kilipokuwa kikubwa kuliko vyote. Sikuwaambia kwamba Ulaya siku hizi wanauza chakula cha mbwa kilichotengenezwa kwa funza wa nzi, kwa bei ya juu, na kwamba mdudu ni protini safi. Mwezi Novemba wenyewe, msimu wa senene, hoja hiyo ingenivunjia heshima Bukoba nzima.

Bwana Mifugo aliaga kwa kukumbusha chanjo ya kichaa cha mbwa, na akamwambia Mzee, kwa sauti ya chini lakini sote tulisikia, kwamba nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008 na kwamba kumlisha mnyama unayemfuga si hisani. Mzee aliitika kwa heshima, kwa namna mtu anavyoitikia mvua ya mbali.

Binti aliufunga mfuko wake. Alisema atarudisha Dar es Salaam nusu na nyingine atachanganya kidogo kidogo kwenye ugali wa Tomi, kwa siku saba hivi, ili tumbo lisishtuke; hilo nalo alikuwa ameambiwa. Ustadhi alikwenda kutafuta jembe la kufukia mahindi. Na Tomi, ambaye hakuulizwa kitu jioni nzima, aliamka, akanyoosha mgongo, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya dagaa.

MAMA DAGAA: Wee! Toka! Mzee, mshike mbwa wako.

MZEE: Mpimie.

MAMA DAGAA: Nimpimie nani?

MZEE: Huyo. Nusu kilo, wale wa kuku. Na sufuria ile iliyong'oka mpini, mjukuu, ilete tuone kama inafaa. Kesho uniletee kilo nzima.

MAMA DAGAA: Kesho siji, Mzee wangu. Tazama kule.

Tukageuka. Jua lilikuwa limeshatua nyuma ya migomba, na mashariki, juu ya ziwa, mwezi ulikuwa unapanda, mzima, mwekundu, mkubwa kama sinia. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda, taa hazivuti kitu, na mitumbwi ya Bumbire na Goziba inavutwa ufukweni kwa siku kadhaa.

MZEE: Siku ngapi?

MAMA DAGAA: Sita. Labda saba. Na wakirudi, bei itakuwa juu.

Mzee aliitazama ndoo, akautazama mwezi, akamtazama Tomi.

MZEE: Basi acha yote. Nitamwambia mama watoto amchotee maharage kabla ya kuunga.